Jinsi ya kuanzisha urafiki na shule ya msingi ya nchi nyingine bila kuishia kwenye picha za pamoja

Watu wakisikia shule mbili za nchi tofauti zimeanzisha ushirikiano wanawaza bendera mbili ukumbini, mkuu wa shule na mgeni wake wanasaini karatasi, makofi, picha, basi. Miezi sita baadae ukiuliza darasa la nne wamejifunza nini na wenzao unaambiwa bado tunasubiri imeili ijibiwe. Karatasi sio mbaya, itakuja kwa wakati wake, ila huu urafiki haubebwi na wakuu wa shule, unabebwa na walimu wawili wa darasa, mmoja huku mmoja kule, wanaojibizana meseji na ambao wote wana kitu cha kufundisha wiki ijayo. Ukiwapata hao wawili mengine yanapangika, ukiwakosa hata balozi akija hakuna kitu.

Sasa kabla hujaingia mtandaoni kutafuta shule, fungua mtaala wako kwanza. Chagua mada ambayo ungeifundisha tu hata kama huyo rafiki asingekuwepo, iwe maji, hali ya hewa, ramani, wanyama, vipimo, yoyote ile, halafu jiulize darasa la mbali litaongeza nini ambacho kitabu hakina. Manake ushirikiano ukiwa kazi ya ziada ya baada ya vipindi unakufa wiki ya mitihani, nakuhakikishia, lakini ukiwa ndani ya kipindi cha sayansi hauhitaji kutafutiwa muda.

Shule unaipataje? Njia ya haraka kuliko zote ni mtu unayemjua: mzazi anayefanya kazi nje, mwalimu mliyesoma nae akahamia huko, mwanafunzi wa zamani. Shule ya namna hii inakuja na mtu wa kumuulizia pale meseji zikikatika. Ukikosa kabisa kuna mitandao ya shule. iEARN ilianza 1988 kwa kuunganisha shule za jimbo la New York na za Moscow, enzi za Vita Baridi hizo, na leo iko nchi nyingi, unaingia kwenye projekti inayoendana na umri wa watoto wako. eTwinning ya Tume ya Ulaya ipo tangu 2005, nzuri sana, ila ni ya shule za Ulaya na baadhi ya nchi jirani, kwa hiyo angalia kwanza kama nchi yako imo kabla hujapoteza siku nzima kujaza fomu. Halafu kuna ASPnet, mtandao wa shule wa UNESCO, huu ni mkongwe wa tangu 1953, unaombwa kupitia Tume ya Taifa ya UNESCO ya nchi yako na inaingia shule nzima sio mwalimu mmoja, so mimi naona huo ni wa mbele huko mkishazoea.

Meseji ya kwanza ndo inaamua mengi na wengi wanaiandika vibaya, wanaandika historia ya shule, maono ya shule, idadi ya majengo, mwishoni "tunaomba ushirikiano wenu". Mwalimu wa upande wa pili akisoma hajui umemuomba afanye nini. Andika kitu kama hiki:

"Habari mwalimu. Nafundisha darasa la nne, watoto 43, wana miaka 9 na 10. Kati ya Februari na Aprili tutasoma kuhusu maji. Natafuta darasa moja la kubadilishana nalo michoro na maswali kila wiki mbili, kwa wiki nane tu, halafu tuone. Intaneti yetu ipo ofisini peke yake, kwa hiyo simu ya video ni ngumu ila picha na sauti zilizorekodiwa tunaweza kutuma. Kwenu mnasoma maji mwezi gani?"

Ona ilivyo fupi. Ina umri, ina mada, ina mwisho, imesema ukweli kuhusu intaneti, na imeishia na swali ambalo ni rahisi kulijibu. Hiyo "wiki nane tu" ni ya muhimu, mtu anaogopa kufunga ndoa ya miaka mitano na mtu asiyemjua lakini wiki nane anakubali.

Akijibu, kitu cha kwanza cha kupanga ni kalenda, kabla hata ya kazi za watoto. Mwaka wa shule Japani unaanza Aprili, Australia ni mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, Uingereza ni Septemba. Maana yake ukianza projekti Juni na darasa la Uingereza, Julai wanafunga, Septemba wale watoto wako darasa jingine kwa mwalimu mwingine na barua zenu hazina mwenyewe. Chukueni kalenda zote mbili, pigeni msitari kwenye likizo, mitihani na sikukuu za pande zote, zile wiki zinazobaki nyeupe kotekote ndo za kwenu. Mara nyingi zinakuwa chache kuliko mlivyodhani na hapo ndo mnapunguza ndoto mapema.

Masaa nayo yana vituko vyake. Uingereza na Japani zinatofautiana masaa 9 kipindi cha baridi cha Uingereza na masaa 8 kipindi cha joto, sababu Uingereza inasogeza saa na Japani haisogezi. Hata London na New York ambazo zote zinasogeza hazisogezi siku moja: Marekani inasogeza Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo hapo katikati kuna wiki mbili tatu ambazo ile tofauti ya masaa 5 inakuwa 4, na vurugu kama hiyo inatokea tena kati ya Oktoba na Novemba. Mkipanga simu andikeni muda wa miji yote miwili, kwa mtindo wa saa 24, na tarehe yake, halafu thibitisheni siku moja kabla.

Ila kiukweli simu ya video mimi siipi uzito ambao watu wanaipa. Watoto arobaini mbele ya kioo kimoja, sauti inakatika, watatu wa mbele wanaongea, wa nyuma wanapigana vikumbo. Ifanyeni mara moja, labda mbili, iwe fupi, dakika 20, na kila swali liwe limeshapangiwa mtoto wa kuliuliza. Kazi yenyewe ifanyike kwa vitu vinavyosafiri bila haraka: mchoro unaopigwa picha, sauti ya dakika moja, jedwali la vipimo, barua. Hivi havijali kama umeme umekatika Jumanne.

Cha kufanya sasa. Cha kuanzia ambacho hakichoshi ni njia ya kwenda shule: kila mtoto anachora anavyotoka nyumbani mpaka darasani, anavuka nini, anakutana na nani, anachukua dakika ngapi. Kabla ya kufungua michoro ya wenzao waambie watoto wako wabashiri, wenzetu wanakujaje shule, kwa miguu, kwa basi, wangapi kwa wangapi, andika ubaoni, usifute, halafu ndo mfungue. Hapo mtoto anaona mwenyewe kichwa chake kilikuwa kimejaza nini kuhusu ile nchi na wewe huna haja ya kuhubiri chochote. Angalizo moja, michoro isiwe na majina ya barabara wala namba za nyumba, manake umetuma ramani ya anapoishi mtoto.

Mkishazoeana kuna projekti moja ya vivuli ambayo naipenda kuliko zote kwa sababu haiwezekani kabisa bila shule ya pili. Ni ile hesabu ya Eratosthenes, msomi wa Kigiriki wa kale, aliyoifanya Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita ya kupima mzunguko wa dunia. Shule zote mbili zinasimamisha kijiti cha mita moja wima kabisa uwanjani, siku moja, na kuanzia kabla ya mchana wanaweka alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika 5 mpaka kivuli kianze kurefuka tena. Kile kifupi kuliko vyote ndo mnakichukua, msitumie saa 12:00 ya kwenye simu sababu mchana halisi wa jua karibu kila mahali hauangukii hapo. Halafu watoto wanachora pembetatu kwenye karatasi, kijiti sentimita 10, kivuli kwa kipimo hichohicho, wanapima kwa protrakta pembe ya kule juu kwenye ncha ya kijiti. Tuseme shule moja kivuli chake ni sentimita 50, pembe inakuja digrii 26.6 hivi, ya pili kivuli ni mita moja, digrii 45. Tofauti 18.4. Gawanya 360 kwa 18.4 unapata 19.6 hivi, zidisha na umbali wa kaskazini kwenda kusini kati ya shule, ambao kwa pembe hizo utakuwa kama km 2,045, unaangukia kwenye km 40,000, na mzunguko halisi wa dunia kupitia ncha zake ni km 40,008. Watoto hawataamini.

Mambo mawili hapo yanawachanganya walimu wengi. Umbali unaotakiwa ni wa kaskazini-kusini tu, sio ule wa ndege kukata kona, kwa hiyo shule mbili zilizo mashariki na magharibi ya kila mmoja hazifai kwa hii. Na kama siku hiyo mchana kivuli cha shule moja kinaelekea kaskazini na cha nyingine kinaelekea kusini, basi jua liko katikati yenu na pembe mnazijumlisha, hamzitoi. Mawingu yakija upande mmoja rudieni wote kesho.

Lugha isiwatishe. Kila mtoto aandike kwa lugha anayoiweza vizuri, mwalimu atafsiri kwa programu ya simu, na ukitaka tafsiri isiharibike andika sentensi fupi halafu irudishe kwenye lugha yako uone kama imebaki vilevile.

Kwenye usalama wa watoto mimi sina utani. Hakuna kitu kinatoka kabla ya ridhaa ya mzazi kwa maandishi, kwa lugha anayoisoma, ikieleza nini kinatumwa, kwa nani, kinakaa muda gani. Mzazi akikataa picha mtoto wake asitolewe kwenye projekti, atume mchoro kama wenzake. Jina la kwanza tu linatosha, nembo ya shule kwenye sare izibwe au mpige picha za mikono ikifanya kazi, na zima lokesheni kwenye kamera ya simu sababu picha inabeba mahali ilipopigwa bila wewe kuona. Watoto wasibadilishane namba wala akaunti, mawasiliano yote yapite kwa walimu. Kama wenzenu wako Umoja wa Ulaya jua wanabanwa na sheria ya data iitwayo GDPR inayotumika tangu Mei 2018, kwa hiyo wakikuletea fomu za kurasa nne usinune, sio dharau, ndo sheria yao.

Halafu pesa. Ikitokea shule moja ina kompyuta na nyingine haina, kuna mtu wa roho nzuri atasema tuwachangie, na kuanzia hiyo siku darasa moja linakuwa la kutoa na jingine la kushukuru, barua zote zinageuka "asanteni sana" na hakuna tena anayeuliza swali la maana. Kubalianeni mapema kwamba mwaka wa kwanza hakuna zawadi wala michango, na kila upande una kitu ambacho mwenzake hana cha kumfundisha. Misaada ikija kuhitajika ipitie kwenye kamati za shule, mbali na watoto. Mkituma vifurushi kwa posta, tumeni karatasi tu, michoro na barua, msitume mbegu, udongo wala majani, nchi nyingi zinazuia mpakani na Australia na New Zealand ndo wakali kupita wote.

Safari za kutembeleana waachieni walimu kwanza, tena baada ya mwaka.

Wiki nane zikiisha ndo mkae na wakuu wa shule muandike ile karatasi, ukurasa mmoja unatosha: mada za mwaka ujao, nani anaratibu kila upande, mnawasiliana mara ngapi, picha zinatunzwa wapi na zinafutwa lini. Na muweke mwalimu wa pili kila shule ambaye anaona meseji zote tangu mwanzo, kwenye imeili ya shule sio ya mtu binafsi, manake walimu wanahamishwa, na akiondoka yule mmoja na simu yake, shule ya kule itabaki inaandikia namba isiyopokelewa.