Kubadilisha mwonekano wa ghala la picha mtandaoni bila kupoteza kazi yako

Anayetumia Piwigo, programu huria ya kuonyesha picha mtandaoni iliyoanza mwaka 2002, asibadilishe rangi wala nafasi kati ya picha kwa kuhariri moja kwa moja faili za mandhari (kifurushi kinachoamua mwonekano wa ghala), kwa sababu mandhari hiyo itakapopata toleo jipya, marekebisho yake yote yanaweza kufutika. Ni salama zaidi kuwasha programu-jalizi (nyongeza ya Piwigo) iitwayo LocalFiles Editor na kuandika humo kanuni za CSS, yaani lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za wavuti, kwani huhifadhiwa katika faili ya pembeni ambayo masasisho ya mandhari hayaigusi. Ukubwa wa picha hupangwa kwenye mipangilio ya kawaida.

Kwa asiye na seva yake mwenyewe ya kuwekea programu kama hiyo, Flickr, huduma ya kuhifadhi na kuonyesha picha mtandaoni, inafaa, ingawa tangu mwaka 2019 akaunti ya bure ina kikomo cha picha na video 1,000. Anayehama kutoka Google Photos apakue kumbukumbu zake kupitia Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako, na ninamsihi asitupe faili ndogo za maandishi za JSON zinazoambatana na picha, maana humo ndimo yanamokaa maelezo na tarehe alizozirekebisha mwenyewe.