Ufunguo Ukikatikia Kwenye Swichi ya Gari la Zamani

Usiusukume. Kipande kilichobaki ndani ya swichi kinaweza kutoka kwa dakika kumi kama kiko pale pale kilipokatikia. Ukishakikandamiza kwa msumari, kwa bisibisi au kwa ile nusu nyingine ya ufunguo, kinaweza kukugharimu swichi nzima. Nusu yenye kichwa itie mfukoni uitunze, fundi funguo ataihitaji. Supaglu iache kabisa: tone moja likigusa kuta za tundu, vibamba vya ndani vinaganda, na hapo hata ufunguo mpya hautaingia. Sumaku nayo mara nyingi haisaidii, kwa sababu funguo nyingi za magari haya ni za shaba ya manjano, au za mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambazo sumaku haizishiki.

Maelezo haya ni ya magari ya takriban 1950 hadi 1985: Peugeot 404 na 504, Land Rover Series, Volkswagen Beetle, Datsun 1200, Corolla za mwanzo. Funguo zake hazina chipu. Kila kitu ni chuma, springi na nyaya, ndiyo maana kazi hii mtu mwenye subira anaiweza mwenyewe.

Silinda imesimama wapi?

Ndani ya swichi mna silinda inayozunguka, na ndani ya silinda mna vibamba vyembamba, kila kimoja na springi yake. Ufunguo usipokuwemo, springi huvisukuma vibamba vitokeze nje ya silinda viingie kwenye mfereji wa ganda lake, silinda isizunguke. Meno ya ufunguo huvirudisha vyote ndani, sawasawa na ukingo wa silinda, nayo ikawa huru.

Mfereji huo uko mahali pamoja tu. Silinda ikiwa imezungushwa hadi mahali pa kuwasha, vibamba vinabanwa na kuta za ganda, havina pa kwenda, na vinaukamata ufunguo kwenye kila jino. Hapo hata ukivuta kwa nguvu zako zote kipande hakitoki. Utakachofanya ni kuyala meno yake. Ni lazima silinda irudi kwanza pale ufunguo ulipoingilia. Wengi wanaoharibu swichi wanakosea hapa, wala si kwenye kuvuta.

Kwenye Peugeot nyingi uso wa swichi una herufi S, A, M na D: kusimama, vifaa kama redio, mwendo, na stata. Ufunguo huingia na kutoka kwenye S. Kwenye gari la Kijapani utakuta LOCK, ACC, ON na START, na ufunguo hutoka kwenye LOCK.

Ahueni ni kwamba kipande ambacho hakijasogea bado kinavishikilia vibamba mahali pake, kwa hiyo silinda itazunguka. Chukua bisibisi bapa yenye ncha ya mm 3, iingize kwenye mdomo wa tundu milimita moja au mbili tu bila kukigusa kipande kwa mbele, kisha zungusha polepole. Ikikataa, sababu mara nyingi ni usukani: ulimi wa kufuli la usukani umebanwa. Tikisa usukani kushoto na kulia kwa mkono mmoja huku mwingine ukizungusha, utahisi unaachia. Toyota na Datsun nyingi zenye kufuli hilo hazirudi kutoka ACC hadi LOCK mpaka silinda ibonyezwe kwa ndani kidogo, au kitufe kilicho kando kibonyezwe. Bonyeza uso wa silinda kwa ubapa wa bisibisi ya pili, wala usibonyeze kipande cha ufunguo.

Usitumie nguvu. Silinda ni ya zinki au shaba, laini kuliko bisibisi yako, na ukiitafuna midomo ya tundu, ufunguo mpya utakwama hapo hapo.

Injini ikiwa inanguruma, au swichi imebaki imewashwa

Ufunguo ukikatika injini ikiwaka na silinda ikagoma kurudi, vuta hendibreki, kanyaga breki, tia gia ya juu kabisa, uachie klachi taratibu mpaka injini izimike. Usiende kuchomoa kwa mkono waya mnene wa koili, ile inayotengeneza umeme wa plagi. Gari la dizeli halizimwi na umeme wa swichi kwenye matoleo mengi ya zamani. Vuta kamba ya kuzimia, au sukuma mkono wa kuzimia ulio kwenye pampu ya dizeli.

Kisha fungua betri, na usicheleweshe. Gari la petroli lenye distributa ya pointi (vikontakti vinavyofunguka na kufungana kukata umeme wa koili) likiachwa limewashwa injini ikiwa imezima, na pointi zikatokea kuwa zimefungana, umeme unapita kwenye koili bila kukoma. Koili inachemka, inaweza kuvuja mafuta yake au kufa, na pointi zinaungua. Fungua waya unaokwenda kwenye bodi. Angalia alama kwanza, usiende kwa mazoea: magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, Land Rover zikiwemo, yalifungwa chanya kwenye bodi.

Kuvuta kipande

Kipande kikiwa kimetokeza milimita mbili au zaidi, huna haja ya kifaa maalumu. Kibane kwa plaizi ya mdomo mrefu na mwembamba, uvute kwa mstari ulionyooka, ukikitikisa kidogo sana kushoto na kulia. Usikipindishe juu na chini.

Kikiwa kimekatikia ndani, anza na mafuta mepesi ya kulegeza kutu, yale ya kopo la kupuliza lenye mrija. Mpulizo mmoja mfupi, ukipita sana miwili, halafu subiri dakika kumi. Ukimimina mengi yatashuka hadi kwenye kontakti za umeme nyuma ya swichi, yakakusanye vumbi huko. Grisi na oili ya injini hazifai humu hata kidogo.

Fundi funguo ana vindoano vyake vya kazi hii. Usipokuwa navyo, kuna chuma kizuri ambacho karibu kila gereji inakitupa: ule uti mwembamba wa chuma ulio ndani ya mpira wa waipa. Ni chuma cha springi, kigumu na chembamba, chini ya milimita moja. Kata kipande cha sm 12. Kibane kwenye jiliwa, upunguze upana wa sm 3 za mwisho kwa tupa mpaka ubaki kama mm 1.5. Kisha karibu kabisa na ncha chonga pengo dogo, nusu milimita tu, lenye ukuta wa mbele unaoinama kukuelekea wewe, kama ndoana ya samaki. Kikiisha, pitisha ncha kwenye ukucha wako: kwenda mbele iteleze, kurudi ikwaruze. Isipokwaruza ukucha, haitaushika ufunguo. Sugua makali ya kando kwa msasa laini ili yasikwaruze silinda. Ukikosa waipa, bledi nyembamba ya msumeno wa kuchongea mapambo inafaa, mradi meno yake yaelekee kwako. Ukiiingiza kinyume itakisukuma kipande ndani.

Baadhi ya swichi zina kifuniko kidogo cha vumbi chenye springi mdomoni. Kishikilie wazi kwa utepe wa bati uliokatwa kwenye kopo la soda, vinginevyo kitakipiga kipande kila kinapokaribia kutoka.

Sasa angalia kwa tochi meno ya ufunguo yako upande gani. Ingiza ndoana upande huo huo, ikilala juu ya meno, kwa sababu mabonde ya meno ndiyo mahali pa kushikia. Ufunguo wenye meno pande zote mbili hufaa kuvutwa na ndoana mbili kwa pamoja. Ipeleke ndani mpaka uhisi imepita bonde la kwanza au la pili, izungushe kidogo ili ncha ikabe, halafu vuta. Usivute kwa kishindo. Utahisi kipande kinasogea na kusita, kinasogea na kusita: kila kusita ni kibamba kimoja kinapanda mlima wa jino. Ukifika kwenye kusita usiiachie ndoana, kipande kitarudi ndani kwa springi. Kikitokeza tu, kishike kwa plaizi.

Ndoana ikiteleza mara tano sita, simama ukaangalie ncha yake. Kwa kawaida imeshakuwa butu au imepinda. Kuinoa upya ni dakika mbili, kuendelea kukwaruza kunamaliza hata kile kidogo kilichokuwa cha kushikia.

Kikigoma kabisa

Itoe silinda, au swichi nzima. Betri iwe imefunguliwa.

Kwa swichi iliyo kwenye dashibodi, kama Land Rover Series au Beetle za mwanzo, kazi ni nyepesi: kuna ringi au nati inayoishikilia kwenye bati. Kabla ya kuchomoa nyaya piga picha na uzifunge vipande vya tepu vyenye namba. Magari ya Kijerumani na mengi ya Ulaya yana namba tayari: 30 ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, 15 ni wa kwenye koili, 50 ni wa stata. Namba 30 haizimwi na swichi, ikigusa bodi betri ikiwa imefungwa, waya unawaka.

Kwa swichi yenye kufuli la usukani, ambalo wazungumzaji wa Kifaransa huliita neiman, mambo yanakuwa mazito. Ganda lake mara nyingi limefungwa kwa boliti ambazo vichwa vyake vilikatwa makusudi kiwandani, mwizi asizifungue. Jaribu kwanza kuzizungusha kinyume cha saa kwa tindo ndogo na nyundo nyepesi, ukigonga ukingoni. Zikigoma, toboa katikati kwa biti ya mm 3 na utumie kifaa cha kung'olea boliti. Swichi nyingine zina tundu dogo kando ya ganda: silinda ikiwa kwenye ACC au mahali kama hapo, pini ya mm 2 hubonyeza kizuizi na silinda ikavutika nje peke yake. Tafuta tundu hilo kabla hujashika drili.

Silinda ikiwa mkononi, igeuze mdomo chini na uigonge taratibu juu ya ubao. Mara nyingi kipande kinaanguka chenyewe, kwa kuwa sasa vibamba havina ganda la kuvibana. Fanya hivyo ndani ya beseni au juu ya kitambaa cheupe. Vibamba vikitoka, vipange kwa mfuatano wake huo huo; tundu la katikati haliko kimo kimoja kwa vyote, na ukivichanganya ufunguo wako hautafungua tena. Springi zake ni ndogo kuliko punje ya mchele na zinaruka mbali.

Ufunguo mpya

Hapa ndipo wengi wanarudia kosa. Wanampelekea fundi vipande viwili, anaunganisha, anakopi, na baada ya miezi michache unakatika tena. Ufunguo uliozungushwa mara nne kwa siku kwa miaka 40 umezungushwa karibu mara 58,000. Meno yake si yale ya kiwandani. Ukikopi ufunguo uliolika unapata ufunguo mpya uliolika, utakaotaka kutikiswa na kulazimishwa, na kulazimisha ndiko kulikouvunja wa kwanza. Utazame mpasuko: karibu kila mara umeanzia kwenye bonde refu kuliko yote au pale shingo inapokutana na kichwa.

Tafuta namba ya ufunguo. Land Rover Series nyingi zina namba kwenye uso wa swichi, herufi FS zikifuatiwa na tarakimu tatu kati ya 876 na 955. Ziko funguo 80 tu za mfululizo huo, na bado zinauzwa. Magari mengine yana namba kwenye mwili wa silinda, inayoonekana silinda ikishatolewa. Kukata kwa namba kunakurudishia meno ya asili.

Namba ikikosekana, ndipo vipande vitumike. Hapa, nje ya swichi, gundi inaruhusiwa: bandika vipande viwili juu ya bati jembamba, kingo za mpasuko zikigusana sawasawa, zikanyooka kwa rula. Ufunguo huo ni wa kukopia tu. Mwambie fundi akate meno ya juu kidogo kuliko yaliyolika, ayapunguze kwa tupa akijaribu kwenye swichi, na chagua malighafi ya nikeli na shaba kuliko shaba laini ya manjano.

Kabla ya kuutumia, safisha tundu kwa dawa ya kupuliza ya viungo vya umeme, acha likauke, kisha weka unga kidogo wa grafiti. Ukikosa, paka ufunguo risasi ya penseli laini na uuingize na kuutoa mara kumi. Rudia kila miezi sita. Kwa magari yanayolala Mombasa, Tanga au Unguja fupisha iwe miezi mitatu. Hewa ya chumvi inaila zinki, na ule unga mweupe unaouona mdomoni mwa swichi ndio huo. Ufunguo wa gari ubebe peke yake, usiutundike pamoja na funguo za nyumba na makufuli ya geti. Ukiegesha, usiyaache magurudumu ya mbele yakiegemea ukingo wa barabara, yanaubana ulimi wa usukani na asubuhi mzigo wote unaangukia ufunguo.

Ufunguo mpya uingie bila kulazimishwa na uzunguke kwa vidole viwili. Rudisha betri, jaribu kila nafasi mara kadhaa, na gari likiwa bado limesimama swichi ikiwa imewashwa, zungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Ukisikia ulimi unagusa au unakwaruza, usilitoe gari hapo mpaka swichi ifunguliwe tena.