Fuga maji kwanza, samaki baadaye: ushauri kwa anayeanza akwariamu ya nyumbani

Watu wakiniuliza kuhusu akwariamu swali la kwanza huwa ni samaki gani wanunue, na kila mara nawajibu hivohivo, bado, samaki ni wa mwisho, anza na maji. Najua inakera, kioo ushanunua, taa inawaka vizuri, watoto wanasubiri kwa hamu afu mtu anakwambia ukae mwezi mzima unaangalia maji matupu. Ila samaki wengi wanaokufa kwenye akwariamu mpya hawafi kwa njaa wala kwa ugonjwa, wanakufa kwa maji ambayo kwa macho ni masafi kabisa, yanang'aa.

Wa kwangu wa kwanza walikufa siku ya nne. Gapi sita. Nilijaza maji asubuhi, jioni nikawaweka, nikawa nawalisha asubuhi mchana na jioni maana kila nikipita walikuwa wanakuja mbele ya kioo wanatingisha mikia, mtu unaona huruma unawapa. Siku ya tatu wote wako juu, midomo imegusa uso wa maji, wanahema haraka haraka, na matamvua yamekuwa mekundu kama yameungua. Nikadhani wana njaa nikaongeza chakula, na kile chakula ndo kikaongeza sumu iliyokuwa inawaua.

Sumu yenyewe inaitwa amonia. Samaki anaitoa mwilini muda wote, nyingi inapitia kwenye matamvua, na chakula kilichobaki kikioza nacho kinaitoa, majani yaliyokufa pia. Mtoni au ziwani maji ni mengi inapotea, kwenye kioo haina pa kwenda. Wanaoiondoa ni bakteria, wapo wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kali tu, inaharibu damu isibebe oksijeni, afu wapo wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo. Hawa bakteria hawaelei tu majini, wanaishi wamegandia kwenye vitu, kwenye siponji ya filta, kwenye changarawe, na kuongezeka kwao ni pole pole, wiki 4 mpaka 6 kwa kawaida. Kwahiyo ukisikia mtu anasema akwariamu "imeiva" anamaanisha bakteria wameshakuwa wengi wa kutosha.

Kuivisha bila samaki ni rahisi. Washa filta na hita, uwe unadondosha kipande kidogo cha chakula cha samaki kila siku kama vile kuna samaki mmoja mle ndani, kikioza kinatoa amonia na bakteria wanapata pa kuanzia. Kama utapata amonia ya maji isiyo na manukato wala sabuni unaweza kutumia hiyo, lenga miligramu 2 kwa lita. Nunua kipimo cha matone cha kupimia amonia, nitriti na nitrati kabla hata ya kununua mapambo, nasisitiza sana hapa. Vipimo vingi vya amonia maji yakiwa salama rangi ni njano, ikianza kwenda kijani ujue ipo. Utaona amonia inapanda, afu inashuka huku nitriti ikipanda, afu nitriti nayo inashuka na nitrati inatokea. Siku ambayo umeweka amonia leo na kesho muda kama huohuo amonia ni 0 na nitriti ni 0, hapo imeiva, badilisha nusu ya maji au zaidi kupunguza nitrati ndo ukatafute samaki. Kuna njia ya mkato moja tu naiamini, kama unamjua mtu mwenye akwariamu ya muda mrefu isiyo na ugonjwa muombe siponji yake moja chafu, ibebe ikiwa imelowa, uiweke kwenye filta yako. Usiioshe!

Sasa maji ya bomba. Yanatiwa klorini ili kuua vijidudu, na hao bakteria unaowahangaikia nao ni vijidudu, yanawaua pia na yanaunguza matamvua ya samaki. Wengi wanaacha maji kwenye ndoo wazi siku nzima na klorini ya kawaida inatoka kweli, ila sehemu nyingine wanatumia kloramini na hiyo haitoki kwa kukaa tu, kwahiyo dawa ya kuondoa klorini ni kitu cha kuwa nacho. Ukimimina maji mapya moja kwa moja kwenye kioo pima dawa kwa ujazo wa kioo chote, sio wa ndoo peke yake.

Ukubwa wa kioo. Mtu anayeanza anadhani kidogo ndo rahisi, ni kinyume chake, maji machache yanabadilika haraka, kosa dogo la chakula linachafua kila kitu na joto linapanda na kushuka ndani ya saa chache. Anza na lita 60 kwenda juu. Lile bakuli la duara liache kabisa, sio makazi ya samaki, halina nafasi ya filta wala hita. Kujua ujazo zidisha urefu kwa upana kwa kimo vyote kwa sentimita afu gawa kwa 1000, mfano 60 kwa 30 kwa 35 inakupa lita 63, na maji lita moja ni kilo moja, ongeza kioo chenyewe na changarawe na mawe inafika kilo 80 kirahisi. Meza ya kawaida haibebi hiyo miaka. Weka pale ambapo hutahamisha, pako sawa, jua la dirishani haliingii moja kwa moja maana hilo linaleta mwani wa kijani mpaka uchoke.

Changarawe ioshe kwa maji matupu mpaka yatoke meupe, hakuna sabuni, sabuni isikaribie kitu chochote kinachoingia mle hata ndoo iwe ya akwariamu tu. Mawe ya kuokota yadondoshee siki, likitoa povu dogo lenye mlio wa chii chii lina chokaa, litafanya maji yawe magumu, yaani yenye madini mengi, na pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, ipande, kwa samaki wengi usilitumie. Filta chukua yenye uwezo wa kuzungusha maji yote mara 4 au 5 kwa saa. Hita kwa makadirio wati 1 kwa kila lita, na samaki wengi wa maji ya joto wanakaa vizuri kwenye nyuzi 24 mpaka 26, ila weka themomita yako pembeni usitegemee namba iliyoandikwa kwenye hita. Waya wa kila kifaa uuachie uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili maji yakitiririka kwenye waya yadondoke sakafuni yasiingie kwenye umeme. Na kabla hujaingiza mkono majini chomoa vyote. Hita uichomoe mapema, iache kama robo saa ipoe ndo upunguze maji, ikibaki nje ya maji inawaka kioo chake kinapasuka.

Mimea hai napenda kila mtu aweke, inakula amonia na nitrati na samaki wanapata pa kujificha. Anubias na java fern hazitaki taa kali, funga tu kwenye jiwe au mti kwa uzi, lile shina lake nene la kulala usilifukie litaoza. Taa masaa 6 mpaka 8 kwa siku yanatosha.

Kwenye kuchagua samaki angalia atakavyokuwa mkubwa, usiangalie alivyo dukani. Goldifishi mdogo wa sentimita 4 anazidi sentimita 20 akitunzwa vizuri na anachafua maji sana, tena anapenda maji ya ubaridi kidogo, usimchanganye na wa maji ya joto. Yule wa kulamba kioo ambaye kila mtu anamnunua amsafishie mwani, wa aina ya kawaida anafika sentimita 30 na kupita, kwenye lita 60 ni mateso. Neon tetra wanaishi kwa kundi, sita kwenda juu, akiwa peke yake anakaa kwa hofu tu. Beta dume wawili hawakai pamoja watauana. Gapi ukichanganya dume na jike jiandae kulea, anazaa karibu kila mwezi na jike anahifadhi mbegu za dume kwa miezi, kwahiyo hata umnunue peke yake anaweza kuzaa. Siklidi wa Ziwa Malawi na Ziwa Tanganyika wanataka maji magumu yenye pH ya 8 hivi, tetra wa Amazon wanataka laini, kuwaweka pamoja ni kuwatesa wote. Pima maji yako kwanza afu tafuta samaki anayeyapenda, kuliko kila wiki kupambana na dawa za kushusha na kupandisha pH.

Wakifika nyumbani zima taa, elesha mfuko juu ya maji dakika 15 joto lilingane, ufungue uwe unaongeza kikombe cha maji ya kwako kila dakika chache, mwishowe watoe kwa wavu, maji ya dukani usiyamimine ndani. Na usilete wote siku moja, bakteria wanalingana na idadi ya samaki, ongeza wachache, subiri wiki mbili, pima, ongeza tena. Kama una kioo kidogo cha pembeni wageni wakae huko wiki 2 mpaka 4 kwanza. Ule ugonjwa wa madoa meupe kama chembe za chumvi juu ya mapezi mara nyingi unaingia na samaki mpya, na dawa haiui kimelea kikiwa ndani ya ngozi, inakiua kikiwa kimetoka kinaogelea, ndo maana madoa yakipotea usiache dawa, malizia siku zote zilizoandikwa. Dawa zenye kopa, yaani madini ya shaba, zinaua konokono na kamba, soma karatasi.

Chakula mara moja au mbili kwa siku, kile wanachomaliza ndani ya dakika 2. Wakija mbele ya kioo wanaomba, wanaomba kila saa, ndo walivyo. Siku moja kwa wiki bila kula haimdhuru samaki mzima yeyote.

Kila wiki toa robo ya maji kwa mpira, huku ukiupitisha ndani ya changarawe unyonye uchafu, rudisha maji mapya yenye joto linalokaribiana. Kujazia yale yaliyokauka sio kubadilisha, yanayokauka ni maji tu, nitrati inabaki, na ikizidi miligramu 40 kwa lita umechelewa. Siponji ya filta ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye akwariamu, sio chini ya bomba, itatoka maji ya kahawia kama chai na ikiwa nzima harufu yake ni ya udongo uliolowa, hiyo ndo harufu nzuri. Isiwe nyeupe tena kama mpya, ukiifanya nyeupe umerudi siku ya kwanza. Usibadilishe vya ndani ya filta vyote kwa wakati mmoja hata kama maelekezo ya kwenye boksi yanasema hivo.

Umeme ukikatika usilishe, chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu mara kwa mara yachanganyike na hewa. Filta ya kufungwa, ile ya kopo lenye mfuniko, ikikaa saa nyingi bila kuzunguka bakteria wanakosa oksijeni wanakufa, kabla ya kuiwasha ifungue unuse, ikinuka yai bovu imwage uisuuze kwanza, afu pima amonia siku kadhaa mfululizo.

Samaki waliokuzidi mpe mwenzako au warudishe dukani, mtoni usiwamwage, wanaweza kupeleka magonjwa na kusumbua wa asili. Ila yale maji machafu ya kila wiki usiyamwage chooni, yana nitrati, mwagia mboga au maua yako, isipokuwa wiki uliyotia dawa au chumvi.