Timu yako ya kriketi ikipigwa ugenini: mwongozo wa fundi wa Uhindini

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani kwa duka la vitambaa, Uhindini, Mbeya mjini, na mwenye duka ni mzee wa Kigujarati aliyezaliwa hapahapa, anayekijua Kinyakyusa kuliko mimi. Yeye ndiye aliyeniambukiza kriketi. Mimi namwita Bhai, yeye ananiita Fundi, na India wakipigwa mtaa mzima hupitia kwangu kwanza. "Fundi, vipi, leo Bhai anakopesha?" Anauliza dereva wa boda, anauliza mama wa maandazi, anauliza hata mwalimu anayesubiri sare. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Maumivu ya kriketi yana utaratibu wake, na ukiyaingia kichwakichwa utaharibu kitambaa cha mtu.

Mfano wangu ni ziara ya India kule Australia, kuanzia Novemba 2024 hadi Januari 2025. Mechi 5 za testi, kila moja ya hadi siku 5, kila timu ikipata zamu ya kupiga mara 2. Tulipoteza 3-1, moja ikaisha sare, na kombe la Border-Gavaskar, wanalogombea timu hizi mbili, likarudi kwa Waaustralia baada ya miaka 10.

Wewe uliyezoea mpira wa miguu, jua kwanza kwamba hiki ni kilio cha aina nyingine. Mimi ni mtu wa Simba. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walitupiga 5-1, nikalala bila kula, asubuhi nikaamka kazini, yakaisha. Testi haikumalizi hivyo. Inakumaliza kwa awamu, na katikati inakupa muda wa chakula cha mchana na muda wa chai.

Kwa hiyo anza na saa, usianze na hasira. Perth mchezo ulikuwa unaanza saa 11:20 alfajiri kwa saa zetu. Adelaide walicheza chini ya taa, ukaanza saa 1 asubuhi, saa ya kistaarabu kabisa. Brisbane ni saa 9:20 usiku. Melbourne na Sydney, saa 8:30 usiku. Kosa langu la miaka ya mwanzo lilikuwa kukesha. Niliwahi kukesha hivyo nikaja kazini nikakata kaptura ya mtoto wa darasa la pili, vipande vyote viwili vya mguu wa kushoto. Kaki ile niliilipa mimi. Siku hizi nalala saa 3 usiku na kuamkia kikao cha mwisho. Siku ya testi ina vikao 3 vya karibu saa 2 kila kimoja, na huko Melbourne cha mwisho kinaanza kama saa 1:30 asubuhi yetu, wakati nafungua kufuli la mashine. Yaliyotokea usiku nayasoma kwa maandishi kwenye simu, maana bando la video linaisha kabla ya mpigaji wa pili hajatoka. Na simu ichajiwe mapema. Desemba mvua ikianza kushuka kutoka Loleza, umeme haukawii kuaga.

Pili, andika. Hili nililazimishwa. Bhai alinipa kipande cha kaki kilichobaki, kama mita moja, akasema, "Fundi, chaki si unayo? Andika mbio, andika wiketi, mimi nahudumia wateja." Mbio ndizo pointi, na wiketi ni kila mpigaji anayetolewa. Tangu hapo kila mechi ina kipande chake. Mkono ukiandika, mdomo unatulia kidogo. Halafu mambo yanabaki. Mtu akija jioni akasema "hawa hawajui kabisa," unamkunjulia kaki unamwonyesha kwamba Perth India walishinda kwa mbio 295, wapigaji wao Jaiswal akapiga 161 na Kohli 100 bila kutolewa. Ndiyo, ziara iliyotuua ilianza kwa ushindi. Hiyo ndiyo sumu yake.

Tatu, jiandae kwa asubuhi moja mbaya kuliko zote, maana kila ziara inayo. Yetu ilikuwa Jumatatu tarehe 30 Desemba 2024, siku ya tano ya Melbourne. Kwangu huo ndio wakati wa sare za shule. Sketi za marinda zilikuwa zimepandana hadi usawa wa meza. India walikuwa wanatafuta mbio 340, na walipokwenda chai walikuwa 112, wametoka watu 3 tu. Jaiswal na Pant walikuwa wamesimama kikao kizima. Kushinda ilikuwa ngumu, lakini sare ilikuwa mkononi. Sare ya testi usiidharau. Siku ya tano, kubaki umesimama hadi jioni, muda uishe, ni kama kuvuka Mlima Nyoka na lori bovu bila kuumiza mtu. Bhai aliagiza chai ya tangawizi ya watu wote barazani, mpaka na yule mteja aliyekuja kudai chenji.

Chai ya kwetu haijapoa, Pant akaupiga mpira juu, akadakwa, akatoka na 30 zake. Aliyemrushia ni Travis Head, mtu ambaye kazi yake ni kupiga. Bhai hakusema kitu. Alichukua jora la kaki mezani, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Jadeja akatoka. Reddy, kijana aliyepiga 114 mara ya kwanza, akatoka na 1. Jaiswal bado yupo, 84, amekabili mipira zaidi ya 200. Cummins wa Australia akamrushia mpira mfupi upande wa mguu, Jaiswal akauzungushia gongo, mlinda wiketi nyuma yake akadaka. Mwamuzi wa uwanjani akakataa. Waaustralia wakaomba picha. Mstari wa kile kifaa cha kusikiliza mguso ukapita umenyooka kabisa, kama mshono wa fundi mzuri, lakini mwamuzi wa tatu akasema ameuona mpira ukibadili njia ulipopita karibu na glovu. Nje. Barazani palilipuka. Mpaka dereva wa boda ambaye hajui wiketi ni nini alisimama akatukana kwa niaba yetu.

Kuanzia alipotoka Pant, wiketi 7 zilianguka kwa mbio 34. Jumla 155. Tumepigwa kwa mbio 184, na haijafika saa 4 asubuhi.

Sasa hapa ndipo ninapotaka usimame nami. Saa ile kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Wengine mwamuzi, wengine Kohli, wengine nahodha Rohit. Mimi mwenyewe nilikuwa na mwamuzi. Lakini fundi anaijua hali hii. Mteja anarudi na suruali, anasema kiuno kinabana, anataka kiuno kiachiwe. Unamwambia akae, asimame, atembee, unagundua kiuno hakina shida, kilichokosewa ni msamba, umekatwa mfupi, ndiyo maana suruali yote inavutwa juu. Ukifumua kiuno umempa suruali mbaya mara mbili. Shika wembe, fumua mshono mmoja, tazama, kisha nenda wa pili.

Basi nilisubiri ziara iishe, nikatandika vipande vyote 5 vya kaki mezani na kufumua. Jaiswal angebaki, pengine sare ingepatikana, lakini wenzake baada yake hawakudumu, kwa hiyo mwamuzi si msamba. Kohli: ukiacha ile mia ya Perth, alipata mbio 90 katika mara 8, na mara zote 8 alidakwa nyuma yake akiufuata mpira wa nje. Hilo ni tobo la kweli. Rohit: mbio 31 katika mara 5, hadi Sydney akajiweka pembeni mwenyewe. Tobo jingine. Lakini tazama mstari wa juu wa kila kipande, mbio za mara ya kwanza: 150, 180, 260, 369, 185. Mara 3 kati ya 5 hawakufika 200. Hapo timu nzima inavaa suruali fupi.

Kisha nikaona kitu ambacho hasira haikunionyesha kabisa. Kwenye safu ya warushaji jina moja linajirudia hadi chaki imekuwa nene: Bumrah. Wiketi 32. Alirusha ova zaidi ya 150, kila ova mipira 6, katika mechi zile, na Sydney, siku ya mwisho, Waaustralia wanatafuta 162, mgongo wake ulikuwa umekataa. Hakurusha hata mpira mmoja. Wakazifikia wakipoteza wiketi 4 tu. Nguo yote ilikuwa imeshikwa na uzi mmoja, na uzi ulikatika mahali ambapo uzi hukatika. Mtu bora wa ziara alitoka kwenye timu iliyopigwa, na sisi barazani wiki mbili tulikuwa tunamtukana mwamuzi.

Kuhusu watani. Watakuja, hasa wa Yanga. Watauliza mchezo gani unachezwa siku 5 halafu unaisha sare. Usijitetee kwa maelezo marefu, hawayataki. Mimi huwaambia habari ya Brisbane: wapigaji wote wa maana wameshatoka, wamebaki Bumrah na Akash Deep, warushaji wawili wenye magongo, na wanahitaji kufika 246 ili wasilazimishwe kupiga tena papo hapo. Wakafika. Jukwaani wachezaji wakashangilia kana kwamba wametwaa kombe, mvua ikamalizia kazi, sare. Mtu aliyewahi kuona Prisons wakizuia goli dakika 90 pale Sokoine atakuelewa. Asiyeelewa, mpe andazi.

Watani wa aina ya pili wanachokoza zaidi: "Wewe Mnyakyusa, India inakuhusu nini?" Swali hilo Bhai alilijibu siku moja vizuri kuliko mimi. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, 1975, Uingereza, ilikuwepo timu ya Afrika Mashariki: Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa pamoja. Walicheza mechi 3, wakapigwa zote 3. Moja ilikuwa dhidi ya India, mjini Leeds. Timu yetu ikatoka na 120, India wakazipata bila kupoteza wiketi hata moja. Bhai alikuwa kijana, na anasema matokeo yaliwafikia hapa kwa gazeti, yamechakaa. "Fundi, siku ile sikujua nicheke au nilie. Baba yangu alicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya duka." Tangu siku hiyo sijaulizwa tena na mtu nikakosa la kusema.

Kwa wale wanaoishi jirani na mwenye maumivu: siku ya kupigwa usilete risiti, usiombe mkopo, usiseme "ni mchezo tu." Sema "pole, Bhai," kaa kidogo, ondoka. Siku ya pili bado mapema. Siku ya tatu ataanza mwenyewe kuzungumzia timu inayofuata, na hapo hata bei ya kitenge inapungua. Mama wa maandazi amelifanyia kazi hili na sasa anakopa kwa kalenda ya kriketi. Mke wangu naye ana sheria yake: kriketi isiingie chumbani. "Melbourne yako iache barazani." Naitii.

Kilichobaki ni kuchagua ziara inayofuata kwa busara. Timu ikienda Afrika Kusini, tumepishana saa 1 tu. Ikienda visiwa vya Karibi, mchezo unaanza kama saa 11 jioni, utafunga kazi salama na kuumia usiku. Uingereza ndiyo tamu kuliko zote: saa 7 mchana, umeshakula, sare za Januari zimeshakwisha, Juni baridi ya Mbeya inakufanya usitamani kutoka barazani penye jua.

Tarehe 20 Juni 2025 walianzia Leeds, uwanja uleule wa 1975. Kohli na Rohit walikuwa wameshaaga testi mwezi Mei. Bhai akanikatia kaki mpya, nami nikachonga chaki. Wapigaji wakafikisha mbio mia mara 5 katika mechi moja, Pant peke yake mara 2, na bado wakapigwa kwa wiketi 5. Barazani kelele: ooh, warushaji hawana meno. Nikawaacha wamalize. Kisha nikakunjua kaki na kuwawekea kidole mahali pawili. Mara ya kwanza walikuwa 430 wametoka 3, wakaishia 471. Mara ya pili walikuwa 333 wametoka 4, wakaishia 364.

Bhai akavaa miwani, akainama, akatazama muda mrefu. "Mkia," akasema, yaani wale wapigaji wa mwisho. "Mkia, Fundi. Agiza chai."