Namna ya Kupiga Hesabu ya Safari ya Ndege Isiyotua Njiani

Abiria anayepanda basi alfajiri mjini Mtwara kwenda Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 560, hashangai gari linaposimama Nangurukuru ili watu wapate chai na kunyoosha miguu. Mwenye basi naye hapakii madumu ya dizeli kwenye buti kwa kuogopa sheli za njiani, kwa sababu anajua kwamba kila dumu lingekalia nafasi ya gunia la korosho ambalo mwenyewe amelilipia. Ndege inayoruka saa 18 bila kutua hufanya hasa kile ambacho mwenye basi anakikwepa: huondoka na mafuta ya njia nzima, na huchoma sehemu kubwa ya mafuta hayo kwa kazi ya kuyabeba yenyewe. Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa biashara na jiografia wa huku kwetu kusini, na kwa yeyote anayetaka kujua, kwa karatasi na kikokotoo, ni lini safari ya namna hiyo inalipa.

Anza na umbali, lakini usiandike umbali mmoja. Andika ule wa moja kwa moja, kisha ule wa kupitia mji wa kati. Kutoka Singapore hadi uwanja wa JFK wa New York ni kilomita zipatazo 15,300; ukipitia Frankfurt, vipande viwili vya takriban 10,300 na 6,200 vinafanya 16,500. Mzunguko wa njia umeongeza kama asilimia 8. Mwanafunzi akiruka hatua hii hudhani kwamba kutua kunapunguza mafuta siku zote, na si kweli, kwani mji wa kati ukiwa pembeni sana, kilomita za ziada humeza faida yote ya kuwa na tangi jepesi.

Hatua ya pili ndiyo moyo wa hesabu, nayo inahitaji utulivu. Kanuni ya makadirio inayotumika sana katika usafiri wa anga ni kwamba kila saa moja ya kuruka, ndege huchoma takriban asilimia 3 ya uzito wowote wa ziada iliobeba, ili tu kuendelea kuubeba. Chukua tani moja ya mafuta utakayoihitaji baada ya saa 17. Baada ya saa ya kwanza hubaki asilimia 97 ya ulichopakia, baada ya ya pili asilimia 97 ya hiyo iliyobaki, na kuendelea. Ukizidisha 0.97 kwa yenyewe mara 17 utapata karibu 0.6, maana yake ni kwamba ili tani moja ifike saa ya 17, lazima upakie tani 1.68 mwanzoni. Rudia hesabu kwa saa 8 na utaona kwamba tani 1.28 zinatosha. Nimewaona vijana wakilizidisha 3 kwa 17 wakapata 51, wakasema nusu ya mafuta imepotea. Hiyo ni hesabu ya haraka inayokosea, kwa kuwa mzigo unaobebwa hupungua kila saa, na asilimia hukatwa kwenye kilichobaki.

Sasa uweke uzito huo dhidi ya viti. Kila ndege ina uzito wa juu ambao haiwezi kuuzidi inaporuka. Airbus A350-900ULR, iliyotengenezwa kwa ajili ya masafa haya, ina kikomo cha tani 280, na matangi yake huchukua lita 165,000 badala ya lita 141,000 za ndege mama yake. Lita moja ya mafuta ya ndege ina uzito wa karibu kilo 0.8, hivyo matangi yakijaa ni tani 132, karibu nusu ya uzito wote unaoruhusiwa. Nusu iliyobaki inapaswa kutosha chuma cha ndege yenyewe, viti, chakula, wahudumu, abiria na mizigo yao. Ndiyo maana Singapore Airlines, ambayo A350-900 zake za kawaida za safari ndefu zina viti 253, iliziwekea ndege hizi viti 161 tu: 67 vya daraja la biashara na 94 vya daraja la kawaida lililoboreshwa. Daraja la kawaida lenyewe halimo kabisa.

Baada ya hapo tafuta bei ya saa moja. Tuchukue mfano wa darasani, ambamo kiasi cha mafuta na bei yake ni vya kudhaniwa tu. Safari ya moja kwa moja ichome tani 110 kwa viti 161. Utapata kilo 683 kwa kiti. Safari ya kutua njiani ichome tani 115, kwa sababu ya mzunguko na ya kupaa mara mbili, lakini kwa viti 253. Utapata kilo 455. Tofauti ni kilo 228, na mafuta yakiwa dola 800 kwa tani, kiti cha moja kwa moja kimezidi kwa dola kama 183. Ikiwa abiria ameokoa saa 4, gawanya: dola 46 kwa saa. Swali la biashara nzima limebaki hapo, kwamba je, katika miji hii miwili wapo watu wa kutosha, kila siku, ambao saa yao moja ina thamani ya kuzidi dola 46? Wanasheria na watu wa benki wapo. Kijana anayekwenda kusoma kwa nauli iliyochangwa na ukoo hayumo katika hesabu hiyo, atangoja Frankfurt.

Hesabu hii ina upungufu ambao lazima uutaje unapoiwasilisha. Viti 161 havikutokana na uzito peke yake. Kiti cha daraja la biashara kinakula sakafu kubwa, kwa hiyo sehemu ya tofauti ni uamuzi wa kuuza anasa. Tena usigawe kwa viti vyote kana kwamba vimejaa. Vikijaa asilimia 80, zile kilo 683 zinapita 850 kwa kila abiria aliyelipa.

Gharama nyingine zipite haraka. Safari hizi huwa na marubani 4 wanaopokezana kulala. Kwa upande wa pili, kampuni inakwepa ada ya kutua katika mji wa kati na huduma za uwanjani, na injini inapaa mara moja badala ya mbili, jambo lenye uzito kwa kuwa baadhi ya vipuri huhesabiwa maisha yake kwa idadi ya safari. Wazee wetu wanaokumbuka kungoja pantoni ya Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, hawahitaji kuelezwa gharama ya kusimama pasipo hiari.

Kisha ijaribu hesabu yako kwa kubadilisha bei ya mafuta. Iweke dola 1,600 kwa tani na ule mfano wetu unafika dola 91 kwa saa. Historia imekwisha kulifanya jaribio hili. Singapore Airlines ilianza kwenda Newark, uwanja ulio jirani na New York, bila kutua mwaka 2004 kwa A340-500 yenye injini 4. Mwaka 2008, ambao pipa la mafuta ghafi lilikaribia dola 147, ikabadili ndege hizo kuwa na viti 100 vya daraja la biashara pekee. Na mwaka 2013 ikaacha. Thai Airways iliyokwenda New York kwa ndege ya aina hiyo hiyo tangu 2005 ilikuwa imeacha mapema zaidi, mwaka 2008. Njia ya Newark ilirudi mwaka 2018, mara hii kwa ndege ya injini 2. Abiria walikuwepo wakati wote. Kilichobadilika ni kilo za mafuta kwa kila kiti.

Usisahau mahali ndege inapoanzia. Uwanja wa Addis Ababa uko mita zaidi ya 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi huizuia ndege kupaa na uzito wake wote, ndiyo maana Ethiopian Airlines imezoea kutua njiani inapokwenda Marekani na kurudi moja kwa moja. Nairobi nako ni juu, kama mita 1,600, ingawa Kenya Airways imekuwa ikienda New York bila kutua tangu Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8 ya viti 234. Anga nayo hufungwa: mwaka 2024 Qantas ililazimika kuipitisha Singapore safari yake ya Perth kwenda London, kwa kuwa njia ya kukwepa maeneo ya mgogoro Mashariki ya Kati ilikuwa imerefuka kupita uwezo wa mafuta.

Mwisho, kama hesabu ni ya safari yako mwenyewe kutoka Mtwara au Lindi, usianzie uwanja wa ndege kubwa. Anzia mlangoni kwako. Mnunuzi wa korosho anayekwenda New York ataunganisha Dar es Salaam, kisha Nairobi, kabla hajaiona hiyo ndege isiyotua. Andika saa za kungoja katika kila kituo, uzijumlishe, kisha uzilinganishe na saa ambazo safari ya moja kwa moja inakuokolea. Ikiwa umengoja Dar es Salaam saa 6 ili uokoe 4, ifute njia hiyo kwenye karatasi na upige hesabu ya nyingine.