Kabla ya kupeleka kahawa kwenye kituo

Nyie wa Kalehe, Idjwi na Kabare, huku Kivu ya Kusini nchini Congo, mnaouza kahawa nyekundu (matunda mabivu yaliyotoka kuchumwa) kwa vituo vya kuoshea: bei ya kilo peke yake haitoshi. Uliza pia utalipwa dola ao franka, na kwa kiwango gani cha kubadilisha. Hapo ndipo pesa hupotelea kimyakimya.

Mnunuzi anajua kahawa nyekundu ikilala inaanza kuchacha, ndiyo maana akikuona jioni anashusha bei. Utarudi nayo wapi? Vuna asubuhi, mwende kwa kikundi. Zinazoelea kwenye ndoo ya maji zitoe nyumbani, zilizobaki zichuje maji, pima kwa mizani yenu, andika.

Kilo sita hivi za nyekundu hutoa kilo moja kavu iliyokobolewa. Kwa hiyo bei ya kavu Bukavu igawe kwa sita, kisha punguza gharama za mnunuzi za kuosha, kukausha na usafiri. Kinachobaki ndicho cha kubishania.

Avansi ya miezi ya njaa, yaani pesa unayopewa na mnunuzi kabla ya mavuno, ndiyo mbaya zaidi. Kama huna budi, ipokee kwa kilo zinazojulikana, si kwa mavuno yote.