Somo: Geuza kopo, usome mgongoni

Kabla hujaendelea, chukua kipodozi chochote kilicho karibu nawe, iwe losheni, seramu au sabuni ya uso. Kigeuze. Mbele pana picha na maneno matamu, na hayo ni ya muuzaji. Nyuma, kwa herufi ndogo kama sisimizi, pana orodha inayoanza na neno Ingredients. Kazi yetu leo iko hapo.

Majina yale yanatisha kwa sababu yanafuata mfumo wa kimataifa uitwao INCI. Mimea huandikwa kwa Kilatini, na kemikali kwa majina ya maabara. Uzuri wake ni kwamba ukishalijua jina, utalitambua hata kwenye kopo lenye lugha usiyoijua. Nitayaandika hapa kama yalivyochapwa, ili ukikutana nayo usibabaike.

Hatua ya 1: Tazama mpangilio kwanza

Viambato hupangwa kwa uzito. Kilicho kingi hutangulia, ndiyo maana Aqua, yaani maji, huwa mwanzoni mara nyingi. Ila kanuni hii ina mlango wa nyuma: viambato visivyofika asilimia 1 huja baada ya vile vilivyozidi, na vyenyewe kwa vyenyewe mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo. Rangi nazo huwekwa mwisho, na huandikwa CI pamoja na namba.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mstari wa asilimia 1 umepita wapi? Haujachorwa, lakini una alama. Tafuta Phenoxyethanol, kihifadhi (kitu cha kuzuia bidhaa isiharibike) kinachotumika sana. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakiwekea kikomo cha asilimia 1, hivyo katika bidhaa inayoifuata sheria hiyo, chochote kilichoandikwa nyuma yake, ukiacha rangi, hakizidi asilimia 1.

Tujaribu. Hii ni lebo niliyoitunga mwenyewe, lakini utakutana na ndugu zake wengi. Mbele imeandikwa "Krimu ya Chai ya Kijani", na krimu yenyewe ni ya kijani kibichi. Nyuma:

*Aqua, Glycerin, Caprylic/Capric Triglyceride, Cetearyl Alcohol, Niacinamide, Butyrospermum Parkii Butter, Ceteareth-20, Phenoxyethanol, Camellia Sinensis Leaf Extract, Sodium Hyaluronate, Parfum, Linalool, CI 19140, CI 42090.*

Chai ni Camellia Sinensis. Iko nyuma ya Phenoxyethanol, kwa hiyo haizidi asilimia 1, na huenda ni chembe tu. Na ule ukijani? CI 19140 ni rangi ya njano, CI 42090 ni ya bluu. Changanya njano na bluu uone unapata nini. Chai haikuhusika.

Je, krimu hii ni mbaya? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Glycerin iko ya pili, Niacinamide, aina ya vitamini B3, huenda iko juu ya mstari, na Butyrospermum Parkii, ambayo ni siagi ya shea, ipo pia. Kwa ngozi iliyokauka hii ni krimu nzuri tu, ila inauzwa kwa jina la kiambato kisichofanya kazi kubwa.

Pia usidharau kila kilicho chini ya mstari. Retinol, aina ya vitamini A, hufanya kazi ikiwa chini ya asilimia 1, na Sodium Hyaluronate haihitaji kuwa nyingi. Mstari unakusaidia zaidi kupima mafuta na dondoo za mimea zinazopigiwa debe mbele ya kopo.

Hatua ya 2: Jua kila kiambato kinafanya kazi gani

Huhitaji kukariri majina mia. Vya kulainisha ngozi viko vya namna tatu. Kuna vinavyovuta maji na kuyashika: Glycerin, Urea, Sodium Hyaluronate. Kuna vinavyojaza nyufa ndogo za ngozi ili iwe laini: mafuta ya mimea na siagi zake. Na kuna vinavyofunika juu ili maji yasitoroke: Petrolatum, Paraffinum Liquidum, Dimethicone. Mtu akilalamika kwamba seramu yake "haifanyi kazi", mara nyingi ukiangalia utakuta amepaka kinachovuta maji bila kupaka chochote juu yake cha kufunika.

Vihifadhi vinasingiziwa sana. Kitu chenye maji kisicho na kihifadhi huota bakteria na ukungu, hasa kikiwa kwenye kopo la mdomo mpana unalochovya vidole kila siku. Binafsi, krimu yenye maji inayojisifu kuwa haina kihifadhi chochote hainipi imani. Kimoja ninachokikwepa ni Methylisothiazolinone, kwa sababu kimewaletea watu wengi mzio. Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku mwaka 2017 kwenye vipodozi vinavyobaki mwilini, kama krimu na losheni.

Hatua ya 3: Linganisha tiba na tatizo lako

Chunusi: Salicylic Acid, kwa kawaida kati ya asilimia 0.5 na 2, au Benzoyl Peroxide. Madoa: Niacinamide, Azelaic Acid, Ascorbic Acid. Mikunjo: Retinol. Ngozi ngumu yenye magamba: Urea au Lactic Acid. Anza na kimoja. Ukianza vitatu wiki moja na uso ukaungua, hutajua wa kumlaumu ni nani.

Hatua ya 4: Harufu

Hapa nina kisa changu. Kwa miezi kadhaa niliwashwa shingoni, vipele vikija na kuondoka. Losheni niliyokuwa naipaka ilikuwa na maneno "haina harufu" mbele, nami kwa ujinga wangu nikaitoa kwenye orodha ya washukiwa. Siku nilipoigeuza nikakuta Parfum. Kumbe bidhaa inaweza kutiwa manukato kidogo ili kuficha harufu ya viambato vingine, pua isisikie chochote, na ngozi ikasikia.

Kwa hiyo usiamini mbele. Nyuma tafuta Parfum au Fragrance, kisha majina kama Linalool, Limonene, Citral na Geraniol. Umoja wa Ulaya unalazimisha haya yaandikwe yakizidi asilimia 0.001 kwenye vitu vinavyobaki mwilini, na asilimia 0.01 kwenye vinavyooshwa. Mafuta ya mimea yenye kunukia nayo huwa na majina hayohayo ndani yake. Kutoka kwenye ua hakukifanyi kitu kiwe mpole.

Hatua ya 5: Michoro midogo

Kikopo kilichofunguliwa kifuniko, ndani yake 6M au 12M: hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ulipofungua. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu chini ya kopo, maana hakuna anayeikumbuka. Mchoro wa kipima muda cha mchanga ukiwa na tarehe unaonyesha mwisho wa kutumia. Namba ya toleo itunze, utaihitaji ukitaka kulalamika au bidhaa ikirudishwa kiwandani.

Kisha jaribu kabla ya kupaka usoni. Paka kidogo kwenye kunjo la kiwiko mara mbili kwa siku, siku 7 hadi 10. Najua kusubiri kunachosha. Subiri hivyohivyo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Nimeona Cetearyl Alcohol kwenye losheni ya mwanangu nikaitupa. Nilifanya vibaya?*

Marahaba. Pole, umetupa kitu kizuri. Cetearyl, Cetyl na Stearyl Alcohol ni nta laini zinazotokana na mafuta. Hazikaushi ngozi. Inayokausha ni Alcohol Denat. au Alcohol peke yake ikiwa juu kwenye orodha.

*Dada, losheni ya kujikinga na jua yenye SPF 60 si inakinga mara mbili ya SPF 30?*

Hapana kaka. SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya UVB, miale ya jua inayounguza ngozi. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale hiyo, na SPF 50 takriban asilimia 98, kwa hiyo ukipanda zaidi ya hapo unaongeza kidogo sana. Na vipimo hivyo hufanywa kwa kupaka kingi, kuliko wengi wetu tunavyopaka. Jambo la kuangalia ni kinga ya UVA, miale mingine ya jua ambayo SPF haiipimi: alama ya UVA ndani ya duara, au PA yenye alama kadhaa za kujumlisha (+).

*Seramu yangu ya vitamini C ilikuwa kama maji, sasa ni kahawia. Niendelee?*

Acha. Ascorbic Acid imekutana na hewa na mwanga, nguvu imekwisha. Safari nyingine chagua chupa ya rangi nzito na yenye mdomo mwembamba.

*Rafiki amenipa krimu ya kung'arisha, ndani ya siku chache uso umebadilika kweli. Kopo halina orodha ya viambato, limeandikwa tu nisiguse dhahabu wala fedha nikiipaka. Ni kwa nini?*

Dada yangu, iache leo hii. Onyo la kutogusa vito ni dalili inayojulikana ya zebaki, ambayo humenyuka na madini hayo. Zebaki huharibu figo, na haikudhuru wewe tu: mtoto unayemkumbatia anaipata pia. Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni, lakini bado vinazunguka. Ikiandikwa, hujificha kwa majina kama Calomel au Mercurous Chloride. Vingine vya kurudisha rafuni ni Hydroquinone na Clobetasol Propionate. Hizo ni dawa za kupewa na daktari, si vipodozi. Kopo lifunge kwenye mfuko, uende nalo kwa daktari wa ngozi, na umweleze umelitumia kwa muda gani. Akikupima mkojo usishangae, ndivyo zebaki inavyotafutwa.

*Mimi ni mjamzito wa miezi mitatu. Niondoe nini kwenye kabati?*

Hongera sana. Anza na chochote chenye jina linaloanza na Retin au Retinyl, kama Retinol, Retinal na Retinyl Palmitate. Pamoja nacho ondoa Adapalene na Tretinoin, ambazo ni ndugu zake hata kama majina hayafanani. Niacinamide, Glycerin na Azelaic Acid vinaweza kubaki. Hayo mengine yapige picha upande wa nyuma, uende nazo kliniki.